Vipuri Vipya kwa Jiko la Wifi Nives

Wifi yangu Nives aliolewa na kaka yangu Elvio nikiwa bado nina meno yangu yote, na tangu siku hiyo tumekaa nyumba moja, wao juu, mimi chini. Tumegombana vya kutosha. Tumegombania kamba ya kuanikia nguo, tumegombania kuku, tumegombania namna ya kusonga polenta, ugali wetu wa mahindi, na mwaka mmoja tulinuniana tangu Pasaka mpaka viazi vikachimbwa, kisa kopo la rangi. Kwa hiyo nikisema sijaona mwanamke mwingine kama yeye, usidhani nampamba. Nasema kwa sababu ni kweli, na mara nyingi ukweli huo unaniudhi.

Bonde zima linamjua kwa sababu ya basi la shule. Alianza kwa kulisafisha. Siku dereva alipoteleza kwenye barafu akavunjika mguu, wakubwa wa halmashauri walisimama uani wakikuna vichwa, na Nives, ndoo mkononi, akawaambia, "Nipeni ufunguo." Alikuwa amejifunza kuendesha kwenye lori la maziwa la baba yake, katika kona zile zile za mlima wetu. Wakampa ufunguo kwa juma moja tu, huku wakitafuta mwanamume. Akakaa nao mpaka alipostaafu. Theluji ikianguka alishuka mwenyewe kufunga minyororo kwenye magurudumu, mikono mitupu, kwa madai kwamba glavu zinamfanya mtu afanye kazi ovyo. Mtoto aliyeleta fujo aliteremshwa akamalizia njia kwa miguu, hata akiwa mtoto wa meya. Hasa akiwa mtoto wa meya.

Minyororo ile ilimlipa vibaya. Siku hizi vidole vyake vimepinda, na kufungua chupa ya nyanya ni kazi ya kuniita mimi kwa kelele kutoka juu ya ngazi. Mdomo wake, lakini, haujapinda hata kidogo.

Sasa jiko. Elvio alilinunua mgongo ulipomkatalia kupasua kuni. Ni jiko la kupasha nyumba joto, la vidonge vya mbao, vya unga wa msumeno ulioshindiliwa: unamimina mfuko juu, parafujo kubwa iliyo ndani inavisukuma vidonge kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha moto, kiwashio cha umeme kinavichoma, feni inavuta moshi, na wewe huna shida ya shoka wala msumeno. Lilikuwa jekundu, lenye vigae ubavuni, na Elvio alilifuta vumbi kuliko alivyowahi kulifuta gari lake. Elvio akafa. Jiko likabaki jikoni kwa Nives, nalo likaanza kuzeeka kama sisi, kiungo kimoja kimoja.

Kiwashio ndicho kilichotangulia kufa. Kiwanda kilicholitengeneza kilikuwa kimefungwa zamani, na Nives hakumwambia mtu. Kila asubuhi alipiga magoti mbele ya jiko, akachomeka kipande cha kuwashia moto ndani ya kikombe kwa vidole vile vilivyopinda, akapiga kiberiti. Mwishoni mwa majira ya baridi yaliyopita, asubuhi moja, mkono wa gauni lake la kulalia ukashika moto. Aliuzima kwa maji ya kuoshea vyombo. Hakuniita. Nilijua kwa harufu, na nilipopanda nikamkuta anakunywa kahawa kama vile hakuna kilichotokea, gauni limeungua mpaka kwenye kiwiko.

Jumapili yake akaja Denis, mwanawe wa pekee, anayekaa mjini Udine, chini tambarare, na kufanya kazi kwenye ofisi za reli. Ni mtu mpole, Denis. Lakini aliona bendeji mkononi mwa mama yake.

"Mama, hii nini?"

"Nimejikata."

"Umejikata, au umejichoma?"

"Kwani wewe daktari?"

"Shangazi," akanigeukia mimi, "kajikata?"

Nikanyamaza. Kwa mtu kama mimi, kunyamaza ni sawa na kupiga tarumbeta, na Denis akaelewa. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mama yake, magoti yakigusana.

"Sikiliza. Mimi silali kule nikikufikiria unapiga magoti mbele ya moto. Chagua. Ama jiko hili liwake lenyewe alfajiri, wewe ukiwa bado kitandani, ama mwaka huu unashuka kukaa kwangu kabla theluji haijaanguka. Chumba kipo."

"Chumba kile kinanuka rangi."

"Mama, kilipakwa rangi nikiwa nina nywele!"

"Na bado kinanuka."

"Basi nikununulie jiko jipya."

"Nikianza kutupa kila kitu kilichozeeka humu ndani," akasema Nives, "nitaanza na wifi yangu."

Tulicheka sote, lakini Denis hakulegeza. Akanyoosha mkono. Nives akaushika, kama alivyokuwa akipatana na watu wakati wa basi. Na akipatana hageuki. Liwake lenyewe, anabaki. Lisiwake, anashuka.

Niseme wazi kabisa: niliogopa, na sikumwogopea yeye peke yake. Kijiji chetu kina nyumba nyingi zilizofungwa kuliko zilizo wazi. Nives akishuka Udine, mimi nabaki na nani? Nigombane na paka?

Basi tukamwita Ivano.

Ivano ni fundi wa majiko wa bonde hili, mseja, mnene, mwenye gari linalonuka masizi. Muuza majiko wa mjini alikuwa ameshatuambia kwa simu tulitupe. Ivano alikuja mwanzoni mwa vuli, akafungua ubavu wa jiko, akaingiza kichwa na tochi, akakaa humo muda mrefu mpaka Nives akauliza kama amelala.

"Mama Nives," sauti ikatoka ndani, "chuma hiki siku hizi hawakitengenezi tena. Mwili mzima kabisa. Kinachotakiwa ni moyo mwingine na akili nyingine."

"Na wewe ndiye wa kulitia akili?"

"Nitajitahidi."

"Wewe ndiye uliyetapika kwenye kiti cha nyuma cha basi langu."

"Mama Nives, nilikuwa darasa la kwanza!"

"Kiti hakikuuliza uko darasa la ngapi."

Baada ya siku chache akarudi na sanduku la vipuri. Kulikuwa na kiwashio cha kauri, kinachopata moto upesi kuliko kile cha chuma. Kulikuwa na feni mpya ya moshi, na kamba nene ya gasketi ya kuzunguka mlango, na kikombe cha moto kilichotobolewa vizuri. Juu ya yote kulikuwa na bodi mpya ya umeme, iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya majiko mazee ambayo viwanda vyake vimefungwa. Bodi hiyo ilikuwa na saa ya kuliwasha jiko lenyewe, na ilikuwa na sensa, kidude kidogo kinachopima hewa inayoingia. Hewa isipotosha, bodi inakataa kuwasha na kupiga kengele.

Kazi ile ilimtoa jasho. Nyaya za zamani hazikuwa na rangi zinazolingana na mpya, ikabidi afuate mmoja baada ya mwingine kwa kidole huku akinong'ona. Matundu ya skrubu za feni yalikosana na mwili wa jiko kwa unene wa ukucha, akatoboa mengine. Parafujo aliitoa akaisugua uani mpaka ikang'aa. Mimi nilishika tochi. Nives alikaa kwenye kochi lake nyuma yetu akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jioni Ivano akabonyeza kitufe. Feni ikavuma kidogo tu, si kwa ule mngurumo wa zamani. Vidonge vikaanza kudondoka kwenye kikombe, tik, tik, tik, vikawa vyekundu, na ghafla moto ukasimama, mweupe, safi, bila moshi. Nives akainuka akaweka kiganja chake kibovu karibu na kioo.

"Elvio angelia," akasema.

Na kweli angelia. Elvio alikuwa akilia hata akitazama mbio za baiskeli.

Ivano akaiweka saa ili jiko liwake kabla hakujapambazuka, akanywa glasi mbili za divai, akaondoka kama bwana harusi. Mimi nililala nikijua mambo yamekwisha.

Asubuhi nikaamshwa na kengele. Piii, piii, piii, juu ya kichwa changu. Nikapanda nikamkuta Nives amesimama kati ya jiko na dirisha, shali begani, na jiko baridi kama kaburi.

Tukampigia simu Ivano. Akaja, akabonyeza kitufe, likawaka mara moja.

"Limekosea tu," akasema. "Ni mara ya kwanza."

Asubuhi iliyofuata, kengele. Ivano akaja, likawaka. Ya tatu, kengele. Ivano akaja na sensa nyingine, akabadilisha, likawaka. Lilikuwa kama jino linaloacha kuuma ukifika mlangoni kwa daktari. Akapima umeme. Akadhani vidonge vimepata unyevu, akaleta mfuko wa kwake. Akapanda juu ya paa na brashi, akasafisha bomba la moshi lililokwisha kusafishwa. Akachungulia tundu la ukutani nyuma ya jiko, ambapo hewa ya nje huingilia, akazunguka nje akatazama kama kuna kiota cha ndege. Hakuna. Safi.

"Bodi inasema hakuna hewa," alituambia, amekaa sakafuni, uso umechafuka masizi na unyonge. "Kila alfajiri inasema hakuna hewa. Mimi nikija, hewa ipo. Sasa nani anaikata?"

"Labda linakusubiri wewe," nikasema. "Limekupenda."

Utani huo ukafika baa kabla yake. Walimwimbia huko, maskini, kwamba hatimaye amepata mchumba, mwekundu, mwenye vigae. Ivano akaacha kwenda baa. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuamini kwamba yule muuza majiko wa mjini alikuwa amesema kweli, na nikamwambia Ivano hivyo usoni, kwa maneno ambayo siyarudii hapa.

Nives ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Aliacha kunijibu. Nikimchokoza kuhusu polenta, anasema, "Fanya utakavyo, wifi." Mtu aliyekaa nami maisha yote akibishana, leo ananiambia fanya utakavyo! Siku moja nikapanda bila kubisha hodi, nikamkuta anapanga soksi na fulana kitandani, mafungu mafungu. Hakunitazama. Nikateremka nikapika supu ambayo hakuna aliyeinywa.

Denis alikuja Jumamosi. Redio ilikuwa imetangaza theluji katikati ya juma. Alikuja na sanduku la nguo, tupu, akaliweka karibu na mlango wa jikoni, na hakuna aliyeliulizia. Tulikula viazi na jibini vya kukaanga, Nives akamwongezea sahani yake mara mbili, wakazungumzia habari za jirani aliyekufa. Kisha Denis akasema atalala kwenye benchi pale jikoni, alione jiko kwa macho yake.

"Kama limemshinda Ivano, wewe utaliweza?" nikamuuliza.

"Shangazi, mimi nimekuja kutazama tu."

Sikupata usingizi wa maana. Kulipokaribia kupambazuka nikasikia feni ikivuma juu ya dari yangu, nikajishika kifua, nikasubiri vidonge vidondoke. Badala yake, piii, piii, piii. Kisha kengele ikakatika. Kisha kimya. Nikavaa koti juu ya gauni la kulalia, nikapanda.

Denis alikuwa amekaa sakafuni, amevaa fulana na suruali, mgongo ukutani. Mkononi alikuwa ameshika soksi. Soksi nene ya sufu, ya kijivu, ya mwanamume, imejazwa matambara mpaka ikafura, mdomo umeshonwa kwa uzi mweusi.

"Shangazi," akasema polepole, "hii ilikuwa ndani ya tundu."

Hapo nieleze kitu kuhusu sisi. Watu wa huku hatuogopi theluji. Hatuogopi milima, wala mawe yanayoporomoka barabarani, wala mafuriko. Tunaogopa upepo mwembamba unaopenya tunduni. Upepo huo ukikupata ukiwa umekaa, unakupinda shingo, unateremka kwenye figo, na ukizembea unakuzika. Daktari mmoja kijana aliwahi kutuambia mambo mengine, tukamhurumia sana. Kwa hiyo fundi anatoboa tundu la hewa, anaondoka, na sisi tunaliziba. Nyumba zote. Sikushangaa kwamba tundu lilikuwa limezibwa. Nilishangaa kwamba sote, pamoja na mimi mwenyewe, hatukuwaza hata kuuliza.

Kabla sijafungua mdomo, mlango wa chumbani ukafunguka. Nives akatoka, nywele zake nyeupe zimeachiliwa mgongoni, macho bado yana usingizi. Hakututazama. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akainama kwa shida, akaingiza mkono mpaka ukutani, akapapasa. Akapapasa tena.

"Nani katoa soksi?"

"Unatafuta hii, mama?" Denis akainua mkono.

"Hiyo. Ya baba yako. Alinishonea mwaka ule jiko lilipoingia. Upepo wa tundu lile unanipiga shingoni nikikaa kwenye kochi jioni, jiko likishazimwa."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi naitoa! Baba yako alikuwa akiitoa ndipo anawasha. Unaniona mjinga, Denis? Nani hajui moto unataka hewa?"

Denis akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, siku hizi linawaka ukiwa umelala."

Nikaona neno lile likimwingia. Mkono wake ulitafuta kochi, akakaa. Miaka yote ile mtu ndiye aliyekuwa akianza, kwanza Elvio, kisha yeye: unaamka, unatoa soksi, unawasha. Jiko halikuwahi kumtangulia mtu kuamka. Wiki zote hizo aliziba tundu jioni kwa utii, akalizibua asubuhi kwa utii, akampigia simu Ivano, na Ivano akakuta hewa tele.

"Na jiko kabla ya bodi hii," akasema, "lisingekataa?"

"Lisingekataa. Lingewaka vibaya, na moshi ungerudi humu ndani."

Denis akainuka, akabonyeza kitufe. Feni ikavuma. Tik, tik, tik. Tukasimama watatu tukitazama kioo cheusi kana kwamba kuna mtu atatokea humo, na moto ukaja, safi, mrefu. Hakuna aliyeshangilia. Nives alikuwa amejikunja kwenye kochi lake, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona.

"Haya, sema," akamwambia mwanawe. "Sema mama yako kizee, anaziba hewa, haachwi peke yake na moto. Una haki. Tulishikana mikono, na alfajiri hii halikuwaka. Sanduku lile pale."

Na alikuwa na haki kweli, Denis. Mtu yeyote angesema hivyo.

"Kuna kitu sijawaambia," Denis akasema. Alikuwa akiigeuza soksi mkononi. "Niliiona mapema. Niliamka kabla jiko halijajaribu, nikamulika nyuma na simu, nikaiona. Nikaivuta, nikajua papo hapo. Halafu nikairudisha."

"Uliirudisha!" nikasema.

"Nikairudisha, shangazi. Nikasema, liache likatae, nimchukue mama, nilale usingizi angalau mwaka mmoja. Nikakaa hapa gizani nasubiri. Na wewe, mama, ulikuwa unakoroma."

"Mimi sikoromi," akasema Nives.

"Unakoroma, wifi. Vikombe vyangu vinacheza kabatini."

"Alikuwa anakoroma," Denis akaendelea, na sauti yake ikaanza kumpotea, "nikawaza, kule kwangu, alipokaa baada ya mazishi ya baba, sikumsikia akikoroma hata mara moja. Nilikuwa nikipita mlangoni, kimya. Nilidhani amelala vizuri. Kumbe mtu akikaa macho hakoromi. Halafu kengele ikalia hapa, na wewe kule chumbani ukanyamaza. Ukanyamaza vile vile, kama kwangu. Ndipo nikaitoa."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilijifuta kwa mkono wa koti nikajifanya natafuta kahawa. Nives hakulia, yeye hajui. Aliinuka, akamshika Denis kidevu kama alivyokuwa akiwashika watoto wakorofi ndani ya basi, akamgeuza uso kwenye mwanga wa moto, akamtazama.

"Umekonda," akasema. "Huli kule."

Ivano alikuja baada ya misa, tukamwonyesha soksi. Nilitegemea acheke. Alibadilika rangi.

"Madirisha haya mapya aliyokuwekea Denis hayapitishi hata uzi wa hewa," akasema. "Bodi ile ilikuwa inakataa kukuua, mama Nives. Na sisi tulikuwa tunaitukana." Kisha akatoka nje haraka akampigia mama yake simu, na tukamsikia akifoka barabara nzima, "Nani kakwambia uzibe? Toa! Toa sasa hivi, nasubiri!"

Akaunganisha bomba dogo kutoka kwenye tundu moja kwa moja mpaka tumboni mwa jiko, akaliziba pembeni kote kwa udongo wa jiko. Hewa inaingia kwenye moto bila kupita chumbani, na shingo ya wifi yangu iko salama. Nilimwomba radhi kwa yale niliyomwambia. Alisema hakumbuki, na hiyo ndiyo adabu. Nives alimwambia pia kwamba kile kiti cha nyuma kilikuwa kimechakaa hata kabla hajakitapikia.

Sanduku la nguo halikurudi tupu. Nives alilijaza viazi, jibini, soseji na chupa za nyanya, mpaka Denis akalazimika kulikalia ndipo lifungwe. Soksi akaichukua yeye, akaitia mfukoni mwa koti, na mama yake alimwona akamwacha. Nilisimama na Nives mlangoni mpaka gari likapotea kwenye kona ya kwanza, na alitukana namna mwanawe alivyokata kona ile.

Theluji ilianguka siku mbili baadaye, nyingi, ikaifunga njia ya juu. Alfajiri nilifungua macho gizani na chumba changu kilikuwa kimya kama kawaida ya theluji. Kisha, juu ya dari, feni ikaanza kuvuma. Vidonge vikaanza kudondoka. Nilisubiri kengele, haikulia. Nikasikia chuma cha jiko kikitanuka kwa joto, na baada ya sauti hizo zote nikamsikia wifi yangu, chumbani kwake, anakoroma kama lori la maziwa linalopanda mlima. Nikachukua ufagio nigonge dari, kama nilivyofanya tangu alipoolewa humu. Nilikaa nao mkononi kidogo, nikaurudisha nyuma ya mlango, nikajifunika.